Korija ni Miti Mingapi

Nyinyi vijana wa chumba cha takwimu mlinifanyia karamu nzuri ya kuniaga, sina neno. Pilau ilikuwa na nyama, hotuba zilikuwa fupi, na zawadi mliyonipa ni saa ya ukutani, nadhani ili nipate kuona wazi kwamba sasa sina pa kuwahi. Kisha mkaniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi. "Mambo ya kutufaa, Mzee," mkasema. Nimekaa barazani kwangu hapa Kwale wiki mbili nzima nikijiuliza ni mambo gani hayo. Mishahara sitaitaja, ilikwisha zamani. Vyeo navyo vimo kwenye faili, kasomeni wenyewe, ila kimoja ambacho nitakigusa kwa ncha ya kidole tu. Nitawaeleza nilivyojifunza kuchora grafu, na grafu moja niliyoichora vizuri mno.

Nilianza kazi mwaka ule wa kuelekea uhuru. Ofisi ilikuwa na vyumba vitano na bati lililopiga kelele kila jua lilipopanda. Mkuu wa makarani alikuwa Bwana Pinto, Mhindi wa Goa, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na Kiswahili chake alikiokota madukani, kipande hapa, kipande pale. Siku ya kwanza hakuniuliza hata cheti. Alinipa rula ya mbao, chupa ya wino mweusi, kalamu ya kuchovya na karatasi ya miraba, akasema, "Chora mvua."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na kipimamvua, na kila asubuhi mtumishi alisoma na kuandika kwenye daftari. Nikachukua daftari, nikachora, nikampelekea huku nimetanua kifua. Bwana Pinto akainua miwani.

"Juma hili Kwale imenyesha tatu," akasoma. "Tatu nini?"

"Tatu, bwana."

"Tatu ndoo? Tatu vijiko? Tatu papai?"

Nikafungua daftari kutafuta neno.

"Wewe nenda nje, mwambia mkulima mvua imenyesha tatu papai. Kama yeye nafurahi, rudi, mimi natia sahihi."

Makarani wenzangu walivunjika mbavu. Kwa muda wa mwezi mzima jina langu ofisini likawa Papai. Chati ile niliirudia mara nne, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika tarakimu bila kuandika pembeni ni ya kitu gani. Yaani sikuwahi, isipokuwa pale nilipoambiwa nisiandike.

Alinifundisha mengi yule bwana. Kwale ina joto, kiganja kinatoa jasho, jasho linalainisha karatasi, na wino ukikuta karatasi laini unatambaa unakotaka wenyewe. Basi akanionyesha kuweka kipande cha karatasi ya kufyonza chini ya mkono na kupitisha poda ya watoto wachanga juu ya karatasi kabla ya kuanza. Ofisi nzima ilinukia mtoto aliyeogeshwa. Ukikosea hukuwa na kitufe cha kubonyeza kama nyinyi. Ulichukua wembe, ukakwangua wino taratibu, ukasugua mahali pale kwa ukucha ili pawe pagumu tena, ndipo ukachora upya. Kosa moja liligharimu robo saa, na mtu aliyelipia kosa lake robo saa hulikumbuka.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa sifuri. "Grafu inaanza sifuri," alisema. "Grafu hapana sifuri ni mtu hapana miguu. Wewe naona kichwa tu, wewe najuaje mrefu au mfupi?" Nilidhani ni ukaidi wa mzee. Mwaka mmoja baada ya uhuru akafunga virago akaenda kwao ng'ambo, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, na mimi akaniambia tu, "Papai, angalia vizuri." Nikacheka. Sikujua kwamba ningemhitaji kabla mwezi haujaisha.

Maana mwezi haujaisha, tukaletewa afisa mpya. Alitoka bara, kijana, nadhifu, suti ya kijivu hata kwenye jua la saa saba, na alikuwa amesoma ng'ambo miezi sita. Hiyo miezi sita tuliisikia kila siku kwa miaka mitatu. Jina lake silitaji, sisi tulimwita Bwana Maendeleo kwa sababu neno hilo halikumwisha kinywani. Alipenda grafu kuliko chakula. Akaning'oa kwenye kona yangu, akanipa meza karibu na mlango wake, akaniambia, "Bwana Salimu, wewe ndiwe macho ya wilaya hii." Nami nikajiona. Lo, nilijiona sana!

Somo lake la kwanza lilihusu madarasa ya watu wazima kule Msambweni. Mwaka uliotangulia walisoma watu arobaini, mwaka ule arobaini na watatu. Nikachora nguzo mbili kuanzia sifuri, karibu zilingane. Akatazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

"Anzia thelathini na tisa," akasema.

"Na sifuri, bwana?"

"Sifuri ya nini? Kuna mtu asiyejua sifuri iko wapi?"

Nikaanzia thelathini na tisa. Nguzo ya kwanza ikawa kidole, ya pili ikawa mnazi. Watu watatu tu walioongezeka, na mmoja wao ninamfahamu, alikuwa akija darasani kukwepa mkwewe, wakaonekana wameongezeka mara nne. Wageni kutoka Mombasa walipoiona walipiga makofi. Sisi makarani tukaupa mchezo huo jina, tukauita kukata miguu. "Leo umekata miguu ya nani?" tuliulizana asubuhi badala ya kuulizana habari za nyumbani.

Somo la pili lilikuwa nazi. Mavuno ya shamba moja la mfano yalikuwa yameongezeka mara mbili, ni kweli, hapo hakuna aliyedanganya. Bwana Maendeleo akataka nichore nazi mbili, ya mwaka wa nyuma na ya mwaka huu, hii iwe na urefu mara mbili. Lakini nazi ukiirefusha bila kuinenepesha inakuwa tango, basi nikainenepesha nayo mara mbili. Ikajaa karatasi, nazi moja ikaonekana nne. Tuliipeleka kwenye maonyesho ya wakulima Ukunda, na mzee mmoja mwenye kofia ya vito akasimama mbele yake muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu zote, "Mwanangu, nazi hii ya mwaka huu yapatikana wapi? Nataka mbegu." Nilimwambia akaulize ofisini. Alikwenda kweli, maskini, akaambiwa arudi Jumatatu.

Haya yalikuwa ya kuchekesha. La Taru halikunichekesha. Mwaka wa ukame tulitumwa kule juu kwenye nchi kavu kuhesabu mifugo ili ijulikane nani apewe mahindi ya msaada. Katika boma moja nilikuta nyumba kumi. Tisa hazikuwa na hata kwato. Ya kumi ilikuwa ya tajiri mwenye mbuzi mia tatu, na hao mbuzi walikuwa wakila hata kamba za kuanikia nguo. Bwana Maendeleo akajumlisha, akagawanya kwa kumi, akatangaza barazani kwamba kwa wastani kila nyumba ina mbuzi thelathini, hivyo njaa hapo ni ya kuzoea tu. Mama mmoja wa Kiduruma, mtoto mgongoni, akasimama.

"Bwana mkubwa, hao thelathini wangu wako wapi? Nionyesheni niende nikawakame sasa hivi, mtoto huyu hajala tangu jana."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe hakucheka. Bwana Maendeleo aliandika kwenye ripoti kwamba wananchi wa Taru wana moyo wa ucheshi. Ripoti hiyo niliipiga chapa mimi. Mahindi yalikwenda kwingine.

Mtauliza, wewe Mzee ulisema nini? Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba mimi ni mkono tu, kichwa kiko chumba cha pili. Nanyi msinitazame hivyo. Wengi wenu meza zenu ziko karibu na mlango wa mtu.

Sasa nifike Bodo. Bodo ni kwetu kwa upande wa mama, kule chini pwani, mkabala na kisiwa cha Funzi, na watu wake wameishi kwa bahari na kwa mikoko tangu enzi na enzi. Mjomba wangu Bakari, ndugu wa mama tumbo moja, alikuwa mkataji boriti za mikoko. Ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Alinipeleka chuo cha Kurani, akanipeleka shule, na wakati wa likizo nilikwenda naye kwenye tope kuhesabu miti iliyokatwa. Boriti hazihesabiwi moja moja. Huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini. Unapanga ishirini, unafunga, unapiga alama kwenye gome, unaanza nyingine. Kila mtu wa pwani anayejenga nyumba anajua hivyo, na mimi nilijua kabla sijajua kuvaa viatu.

Wakataji wa Bodo walikuwa na leseni yao ya kijiji. Walikata kwa zamu, mkono huu wa bahari mwaka huu, mwingine ukipumzika, na mti mchanga hawakuugusa. Bwana Pinto aliwaandikia mavuno yao kwenye daftari kubwa jeusi, ukurasa kwa mwaka, na ukurasa wa kwanza kabisa aliandika kwa mwandiko wake wa kulalia: hesabu zote ni kwa korija. Baada ya uhuru zikaja fomu mpya zilizopigwa chapa Nairobi, na juu ya safu ya hesabu paliandikwa idadi ya miti. Karani wa forodhani akatii fomu, akahesabu mti mmoja mmoja. Hapo bado hakuna aliyefanya kosa. Daftari lilisema kweli, na fomu ilisema kweli.

Siku moja Bwana Maendeleo akaniita. Chumbani kwake ameketi tajiri mmoja mwenye kujenga mahoteli Diani, mtu wa tabasamu pana, anakunywa chai kwenye kikombe cha wageni. Alihitaji boriti nyingi za kuezekea mabanda ya watalii, na watu wa Bodo walimpa kidogo kidogo, kwa zamu yao. Nikaambiwa nichore mavuno ya Bodo, kabla ya uhuru na baada yake.

Nikatoa daftari na fomu. Mwaka wa mwisho wa daftari ulisema mia tatu. Mwaka wa kwanza wa fomu ulisema elfu sita na mia moja. Nikacheka peke yangu, nikagawanya kwa ishirini, nikapata mia tatu na tano. Nikachora yote kwa korija, nikaandika pembeni ni ya kitu gani, nikaanzia sifuri. Mstari ukatoka upande huu wa karatasi hadi upande wa pili bila kuinuka. Nilijivunia. Nilisema, Bwana Pinto angeiona hii angetia sahihi.

"Bwana Salimu," akasema Bwana Maendeleo, "hii grafu imelala."

"Ndivyo ilivyo, bwana. Wanakata kiasi kilekile."

"Nani atasafiri kutoka Mombasa kuja kutazama mstari uliolala?"

"Mia tatu ile ni korija, bwana. Hii elfu sita ni miti. Nimeigeuza ili ilingane."

"Nani alikuambia ugeuze? Wewe ni mchoraji au ni mgeuzaji?" Akaifungua fomu, akapitisha kidole. "Nionyeshe neno korija hapa."

"Halimo."

"Basi halipo. Daftari limeandikwa mia tatu, fomu imeandikwa elfu sita na mia moja. Hizo ndizo tarakimu za serikali. Unataka nidanganye juu ya tarakimu za serikali?"

Tajiri akapuliza chai yake. Nami nikasema, "Hapana, bwana."

Nikarudi mezani. Nilikuwa na mke na watoto watatu, ni kweli, na nyumba niliyopewa na ofisi, ni kweli. Lakini nisiwadanganye, halikuwa hilo peke yake. Niliposhika kalamu nilitaka iwe nzuri. Nilipitisha poda, nikaweka karatasi ya kufyonza, nikatumia wino mwekundu kwa miaka ya uhuru. Mstari ulilala, ulilala, ukafika uhuru, ukapanda juu kama mtu anayekimbia siafu. Pembeni, pale ambapo huandikwa kipimo, nikaandika "hesabu." Hesabu! Bwana Pinto angenitandika kwa rula. Ilikuwa chati safi kuliko zote nilizowahi kuchora, na nilipoimaliza niliisimamisha ukutani nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, Mungu anisamehe.

Tukaenda nayo Bodo kwa Landrova, baraza kwenye darasa la shule. Chifu alifungua kwa dua. Mjomba aliketi benchi la mbele, kanzu yake ya Ijumaa, akanitupia jicho la furaha kwamba mpwa wake amekuja na wakubwa. Bwana Maendeleo akaning'iniza chati ubaoni, akashika fimbo.

"Wazee wangu, kabla ya uhuru mlikata mia tatu. Mia tatu tu! Leo mnakata elfu sita na zaidi. Uhuru si ruhusa ya kumaliza miti. Kwa mwendo huu, wajukuu zenu watauliza mkoko ni mnyama gani."

Darasa likavuma. Mwanamke mmoja msusi wa makuti, Mwanasha, akapaza sauti kutoka nyuma. "Hiyo elfu sita tumeiuza wapi, bwana? Mbona paa langu mimi lavuja?"

Vicheko. Bwana Maendeleo akatabasamu kwa upole wa mtu aliyesoma. "Mama, takwimu hazidanganyi."

Mjomba akasimama. Akaomba idhini kwa chifu, akawasalimu wote, akaisogelea chati. Kusoma herufi za kizungu alikuwa hajui, lakini tarakimu alizijua barabara.

"Bwana mkubwa, mia tatu hii ni korija," akasema. "Na hii nyingine ni miti. Mmechanganya. Wala sikulaumu, wewe ni mgeni wetu na miti yetu huijui. Lakini hapo ulipo ubavuni mwako ameketi mpwa wangu. Mimi nimemlea. Amezihesabu korija hizo kwa mikono yake." Akanigeukia, uso umemchangamka, kwa kuwa aliona jambo limekwisha. "Salimu, mwanangu, hebu waambie. Korija ni miti mingapi?"

Darasa zima likanitazama. Bwana Maendeleo naye akanitazama, akakohoa kidogo.

"Ndiyo, Bwana Karani," akasema. "Mzee amekuuliza."

Neno moja tu lilitakiwa, wenzangu. Ishirini. Mtoto wa pale darasani angelisema.

"Mjomba," nikasema, "neno hilo halimo kwenye fomu. Mimi sina habari nalo."

Mtu mmoja alianza kucheka akidhani ninafanya mzaha, akaacha katikati. Mwanasha akasema, "Aka!" basi. Mjomba aliushusha mkono uliokuwa bado umeelekea kwenye chati. Kisha akasema, "Haya," akarudi kuketi, akaikunja kanzu yake vizuri magotini.

Leseni ya kijiji ikafutwa kwa sababu ya uharibifu. Leseni mpya akapewa tajiri, kwa ajili ya uhifadhi. Wakataji walewale wa Bodo wakaajiriwa naye kwa kutwa, na sasa hapakuwa na zamu wala mkono wa bahari wa kupumzika. Mti mnene, mti mchanga, yote shoka. Mwaka haukuisha, upande unaotazama Funzi ukawa tope tupu, na maji ya bamvua, bahari ijaapo sana, yakawa yanaingia hadi kiwanja cha shule, walimu wakifundisha wamekunja suruali.

Mwisho wa mwaka fomu zikaja. Karani wa tajiri alikuwa mtu wa biashara, na biashara ya boriti haijui fomu za Nairobi, hivyo aliandika mia tisa. Korija mia tisa. Yaani walikata mara tatu kuliko watu wa Bodo walivyowahi kukata. Bwana Maendeleo akaniletea fomu mwenyewe, akaiweka mezani kwangu kwa vidole viwili.

"Chora," akasema. "Kutoka elfu sita na mia moja hadi mia tisa. Ona mtu mwenye nidhamu!"

Nikachora. Mstari ulioruka juu sasa ukaanguka chini, kwa wino wa kijani safari hii, rangi aliichagua yeye. Chati ilikwenda Mombasa, ikasifiwa, ikarudi na fremu ya kioo, ikatundikwa kwenye ukuta wa chumba cha kupokea watu. Ndipo nilipopandishwa cheo kile nilichosema nitakigusa tu. Nimekigusa.

Miezi michache baadaye mjomba akaja Kwale. Alikuwa amekonda, viganja vimepasuka. Nilitoka mbio mezani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Karibu, keti, mjomba. Nikuletee chai?"

"Nimeshakunywa." Hakuketi. Alikuwa ameiona ile chati ya kioo, akaitazama tangu juu hadi chini, akaufuata mstari wa kijani kwa macho. Mimi nikaanza kueleza, sijui hata nieleze nini, nikasema ni mambo ya ofisi tu, ni picha tu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemwitikia mgonjwa.

"Nimekuja kuomba kibali," akasema. "Nyumba yangu yaanguka upande wa kibla. Na siku hizi hata mti wa nyumba yangu mwenyewe siruhusiwi kukata bila karatasi. Nataka korija moja ya boriti."

Nilifurahi kupata la kufanya. Nikavuta fomu, nikaandika jina lake, nikaandika Bodo, nikaandika boriti, na kwenye safu ya idadi ya miti nikaandika 20. Nikachukua muhuri, nikapiga. Niliponyanyua macho nikamwona hanitazami mimi, anaitazama ile tarakimu. Na mimi nikaitazama. Wino ulikuwa haujakauka.

"Ishirini," akasoma mjomba, polepole. "Kumbe waijua."

Nilitaka kusema jambo. Wallahi nilitaka. Makarani wawili walikuwa wameacha kuandika, na mlango wa Bwana Maendeleo ulikuwa wazi. Mjomba akaipuliza karatasi ikauke, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kofia yake, akavaa kofia.

"Ahsante sana, Bwana Karani," akasema, akatoka.

Aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo, na kila Idi nilikwenda Bodo kumwamkia, na watoto wangu, na mkono wangu haukuwa mtupu. Hakunifukuza hata mara moja. Alinikaribisha, alinitandikia mkeka mpya, alinilisha, aliwapakata watoto wangu akawaita kwa majina yao. Nami nilipiga goti mbele yake nikasema shikamoo, mjomba, nikangoja, kila mwaka nilingoja, naye akaniwekea mkono kichwani na kuniitikia kwa adabu zake zote: "Marahaba, Bwana Karani."